Kadi ya dhahabu, ndege ya saa moja

BARUA

Salamu alekum Mshauri,

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa. Mizigo ninayoitoa bandarini mingi ni ya wateja wa Kampala, kwa hiyo napanda ndege mara kwa mara, na safari ndefu za kikazi za mwaka jana zimenipatia kadi ya dhahabu. Ofisi hunikatia daraja la kawaida tu na mimi sina neno, maana safari yenyewe ni ya saa moja na ushei. Ila nilidhani kadi ina kazi.

Safari ya juzi imenivunja moyo. Tiketi ilikuwa moja, ndege mbili. Kwenye kaunta ya ndege ya kwanza nikaambiwa kadi hii hapa haitumiki, nikalipia begi la pili. Ndege ya pili nikapokewa vizuri, begi likafungwa lebo ya kipaumbele, na bado likatoka la mwisho kwenye mkanda.

Mwezi ujao nawapeleka mke wangu na mamangu Kampala, dadangu anamuoza bintiye. Mama ana miaka 71, anatembea lakini ngazi zinamshinda. Mizigo ni mingi: leso, madira, viungo, na halua lazima. Je, kadi yangu moja itafaa watu watatu? Kilo za ziada naweza kuwagawia? Nipitie njia gani? Na kuna namna ya kusogezwa kwenye viti vya mbele? Jamaa wananishauri nivae suti.

Mwenye Kadi, Tudor

JIBU

Alekum salaam, Bwana wa Tudor, na hongera ya harusi.

Kilichokukuta kwenye kaunta ya kwanza ndicho kinachowakuta wengi wenye kadi kwenye safari fupi. Kadi haisomi tiketi, husoma ndege. Haki zako zimetokana na makubaliano ya mashirika wanachama wa muungano, yaani kundi la mashirika ya ndege yanayotambuliana kadi, na anayedaiwa haki hizo ni shirika linaloendesha ndege siku hiyo, si lililokuuzia. Wewe hili unalijua kwa upande wa bahari: hati ya shehena ina jina la kampuni moja, kumbe kontena limepakiwa kwenye meli ya kampuni nyingine iliyowauzia wenzake nafasi. Angani ni vivyo hivyo. Namba ya safari inaweza kuanza kwa herufi za shirika moja, na chini yake, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, imeandikwa kwamba ndege inaendeshwa na shirika jingine. Ule mstari mdogo ndio wa kuusoma kabla ya kulipa, tena kwa kila ndege, ya kwenda na ya kurudi.

Hukutaja kadi yako ni ya muungano gani, basi nitagusa miwili ambayo mtu wa Mombasa hukutana nayo zaidi. SkyTeam ndimo ilimo Kenya Airways, mwanachama kamili tangu 2010. Dhahabu yake huitwa Elite Plus. Star Alliance ndimo ilimo Ethiopian, iliyoingia 2011, na Turkish iliyotangulia 2008. Dhahabu yake huitwa Star Gold. Nje ya miungano wapo Jambojet, Uganda Airlines, RwandAir na flydubai. Hawa si wabaya, ila kadi ya muungano kwao ni plastiki. Jambojet inawachanganya watu hasa, kwa sababu ni mali ya Kenya Airways na wengi hudhani mtoto amerithi uanachama wa mzazi. Hajarithi. flydubai nayo inatumia mpango wa Emirates, Skywards, kwa hiyo kadi ya Skywards ndiyo inayoeleweka pale.

Na hata ndani ya muungano, mcheza kwao hutunzwa. Shirika lililotoa kadi humpa mwenye kadi mambo ya ziada. Mwenzake wa muungano atakupa yale ya orodha ya muungano tu, kama kaunta ya kipaumbele, mzigo wa ziada, lounji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani) na mgeni mmoja, kupanda ndege mapema, lebo ya begi, na nafasi ya mbele kwenye orodha ya wanaongoja kiti. Ukidai zaidi ya orodha hiyo unaomba hisani, na hisani haidaiwi kwa sauti kubwa.

Njia. Kutoka Mombasa hadi Entebbe, uwanja wa ndege wa Kampala, moja kwa moja ni takriban kilomita 900. Kupitia Nairobi unaongeza kilomita 30 hivi tu, kwa sababu Nairobi imekaa karibu kabisa na mstari wenyewe. Kupitia Addis Ababa unazidi kilomita 2,600, karibu mara tatu. Kwa hiyo kama kadi yako ni ya Star Alliance, usimzungushe mama Uhabeshi kwa ajili ya begi moja la bure. Piga hesabu: bei ya tiketi tatu za njia fupi, jumlisha bei ya begi la ziada ukilinunua mtandaoni kabla ya siku ya safari (kaunta huwa ghali zaidi), halafu linganisha. Mara nyingi kadi hushindwa, na hakuna aibu kuiacha mfukoni. Kama ni ya SkyTeam, pitia Nairobi, mradi ndege zote mbili ziwe za Kenya Airways yenyewe. Na kama kuna siku ambayo Uganda Airlines inaruka moja kwa moja na tarehe inawafaa, itie kwenye mizani: ngazi za ndege mara moja badala ya mara mbili, kwa mtu wa miaka 71, ni jambo kubwa kuliko lounji.

Tuseme mmeamua kutumia kadi. Kosa la kwanza hutokea kwenye jina. Sisi watu wa Pwani majina yetu ni marefu: la mtu, la baba, la babu, pengine na bin au binti katikati. Pasipoti ina matatu, kadi ilijazwa mawili, tiketi ya ofisi ikaandikwa mawili mengine yakiwa yameunganishwa neno moja. Kompyuta inalinganisha herufi, haimjui mtu. Ikiona tofauti inaikataa namba ya uanachama kimyakimya, huambiwi, na unakuja kugundua kaunta. Omba kitengo cha uanachama kibadilishe jina la kwenye kadi lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Hutaka picha ya pasipoti na siku kadhaa, kwa hiyo anza leo. Tiketi nayo ikatwe kwa jina hilohilo.

Kisha fungua tiketi kwenye tovuti au programu ya shirika linaloendesha ndege, si ya wakala, uangalie namba yako ya uanachama imekaa kwenye ndege zote nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Huwa inakaa kwenye ile ya kwanza na kupotea kwenye zilizobaki, hasa ratiba ikibadilishwa katikati. Dalili ya mwisho iko kwenye pasi ya kupandia: lazima ichapwe SkyPriority kwa SkyTeam, au neno la Gold kwa Star Alliance. Isipochapwa, usiende nayo mlangoni ukitarajia kueleweka. Mwambie mhudumu wa kaunta aingize namba kwanza, halafu akuchapie pasi upya. Akiingiza bila kuchapa upya, karatasi iliyo mkononi itabaki ya abiria wa kawaida. Na jambo moja dogo: ngazi ya kadi inayohesabiwa ni ile uliyonayo siku ya kuruka. Kadi ikiisha muda wiki moja kabla ya harusi, umesafiri bila kadi, hata kama tiketi ulikata ukiwa nayo.

Watatu nyinyi muwe kwenye nafasi moja, yaani tiketi zenu zikatwe pamoja chini ya namba moja. Kaunta ya kipaumbele ni haki yako wewe, lakini mkiwa katika nafasi moja ni nadra mhudumu akatenganisha mtu na mamake. SkyTeam ina kibao chekundu. Mahali ambapo hakuna kibao, simameni foleni ya daraja la biashara.

Sasa kilo, maana naona hapo ndipo roho yako ilipo. Kwenye tiketi kila ndege ina mstari wa mzigo. Ukiona 1PC maana yake begi moja, na kwa daraja la kawaida mara nyingi begi hilo ni la kilo 23. Ukiona 30K maana yake kilo 30 kwa jumla, mabegi upendavyo. Ukiona 0PC, umekatiwa tiketi ya mkoba wa mkononi peke yake, rudi kwa aliyekukatia kabla hujafunga sanduku. Haki yako ya dhahabu hufuata mfumo uliopo: pale pa vipande, kipande kimoja zaidi, pale pa kilo, kilo 20 zaidi, na muungano wowote kati ya hiyo miwili ni hivyo. Ngazi ya chini yake ndani ya SkyTeam, Elite, hupata kilo 10 au kipande. Star Silver haipati mzigo kutoka kwa muungano, na wengi hudhani wanapata.

Haki hiyo ni ya jina moja. Mke na mama hawapati. Kwa hiyo kama tiketi zenu ni za 1PC, hesabu yenu ni mabegi manne, si sita. Kipande cha ziada hakionekani kwenye tiketi iliyochapwa. Kinatambuliwa kaunta, na mhudumu mgeni wa kazi anaweza kusoma 1PC akaishia hapo. Weka kwenye simu ukurasa wa masharti wa muungano wako, umwonyeshe kwa upole.

Kugawana kuna sura mbili. Kwenye mfumo wa kilo, mashirika mengi hukubali familia iliyo kwenye nafasi moja ipimwe pamoja, mmoja akiwa na 34 na mwingine 26 wasibughudhiwe. Kwenye mfumo wa vipande hakuna kuchanganya: begi la kilo 27 linatozwa uzito wa ziada hata kama la jirani yake lina 15, na begi linalozidi 32 halipokelewi kabisa, kwa sababu ya migongo ya wapakizi. Mizani ya kuning'iniza ya dukani inatosha. Lenga kilo 22 ili tofauti ya mizani isikukamate. Leso ni nzito kuliko zinavyoonekana, ndizo zinazowaangusha watu. Zigawe mabegi yote manne, zisiwe begi moja la leso na jingine la madira mepesi.

La forodha silifundishi kwa fundi: begi lililofungwa lebo ya jina lako ni lako mbele ya sheria, hata kama ndani yote ni ya dada. Jua kilichomo.

Mama. Hapa kadi haina msaada wowote, na kuna kitu kingine, cha bure, chenye nguvu kuliko dhahabu yako. Mwombee kiti cha magurudumu saa 48 kabla ya safari, kwa kila ndege, ya kwenda na ya kurudi. Usiseme tu "kiti cha magurudumu". Mashirika yana vifupisho vitatu tofauti: WCHR ni ya anayepanda ngazi mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS ni ya asiyeweza ngazi, WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa, anayefikishwa hadi kitini. Karani asiyeuliza huandika WCHR kwa mazoea. Matokeo yake ni kwamba mtu atasukumwa vizuri hadi chini ya ndege, halafu ataachwa mbele ya ngazi, kwa sababu gari la kuinua abiria halikuagizwa. Mama yenu ni WCHS. Hakikisha herufi hizo zimo kwenye nafasi, na uulize tena kaunta: "Gari la kuinua limeagizwa?"

Abiria wa kiti hupandishwa kwanza na hushushwa mwisho. Kwa hiyo mkipitia Nairobi, msikubali kuunganisha kwa saa moja hata kama mtambo wa tiketi unairuhusu. Kuna kungoja ndege iishe watu, kungoja msukumaji, kisha kuhama kutoka jengo la safari za ndani kwenda la kimataifa. Saa mbili na nusu ni tulivu. Na huo ndio muda ambao lounji inaanza kuwa na maana.

Viti vichagueni siku ya kukata tiketi, si uwanjani. Embraer 190 za Kenya Airways zina viti viwili kila upande, jumla ya viti 96 ambavyo 12 ni vya biashara. Hapo mama na mke wakae pamoja, wewe ng'ambo ya ujia. Kwenye 737 ni vitatu kila upande: mama ujiani, safu za mbele za daraja la kawaida. Safu ya mlango wa dharura, ambayo wenye kadi wengi huipenda kwa nafasi ya miguu, si ya kwenu safari hii. Wahudumu hawaruhusu hapo mtoto, mjamzito, wala mtu anayehitaji msaada wa kutembea, na mtahamishwa dakika ya mwisho kwenda viti vilivyobaki, kila mmoja kwake. Ukiwa peke yako siku nyingine, kumbuka 737-800 ina safu mbili za dharura juu ya bawa na ile ya mbele kiti chake hakilali nyuma. Chagua ya pili.

Lounji ni wewe na mgeni mmoja. Mke au mama, si wote wawili, na mgeni lazima awe anasafiri. Kwa Star Alliance awe kwenye ndege ileile unayopanda. Mwenye kadi lazima aingie naye, huwezi kumwachia kadi ukaenda zako dukani. SkyTeam ina sharti jingine linalowapiga chenga wasafiri wa Kenya: Elite Plus hufungua lounji kwa safari ya kimataifa, au safari ya ndani inayounganishwa na ya kimataifa siku ileile. Kwa hiyo Mombasa hadi Nairobi ukiwa unaendelea Entebbe leo, unaingia. Ukilala Nairobi kwa shemeji uendelee kesho, ile ndege ya Mombasa ni ya ndani tu na mlango umefungwa. Onyesha pasi zote mbili za kupandia. Kwenye viwanja vidogo lounji mara nyingi si ya shirika lenyewe bali ni ya kukodi kwa mkataba, na bila kikaratasi cha mwaliko kutoka kaunta hawakutambui. Kiombe palepale unapokabidhi mabegi. Wenye Star Gold wakipita Addis wajue kwamba kadi huwapeleka kwenye lounji ya wenye kadi, si Cloud Nine ya abiria wa daraja la biashara.

Kuhusu huyo wa tatu: ama mnunulieni kiingilio kama lounji inauza, ama kaeni wote nje. Mama na mkeo ndani, wewe nje, haiwezekani kwa masharti. Mimi ningemfuata mama anapotaka kukaa.

Suti iache, utaivaa harusini. Kusogezwa mbele bure kwenye ndege fupi hutokea kwa sababu moja: daraja la kawaida limeuzwa kuliko viti, na la biashara lina nafasi. Hapo kompyuta hupanga majina kwa ngazi ya kadi na bei ya tiketi, na nafasi moja yenye watu watatu, mmoja wa kiti cha magurudumu, hairushwi kirahisi hadi mbele. Ukitaka mama akae mbele, uliza bei ya kuhamisha kiti chake peke yake siku ya kuandikisha safari.

Lebo ya kipaumbele haikukudanganya, ila ilikutana na ndege ndogo. Ndege kubwa za safari ndefu hupakiwa kwa makontena, na mabegi ya kipaumbele hupewa kontena lao, linaloshushwa mwanzo. Embraer na 737 hupakiwa begi moja moja kwa mkono. Kinachotoka kwanza ni kilichoingia mwisho, karibu na mlango. Ukiwahi kaunta saa tatu kabla, begi lako lina nafasi nzuri ya kuingia mwanzo na kusukumwa ndani kabisa, lebo au bila lebo. Na begi la kuunganisha huja na mkokoteni wake ambao hakuna anayeuchambua. Kuchelewa kaunta kwa makusudi nako si dawa. Ng'oa lebo zote za safari za zamani, maana mistari yake huchanganya mashine, kisha uhesabu kwamba lebo ya kipaumbele itakuokolea dakika tano, si zaidi. Cha kusoma kwenye lebo ni herufi kubwa tatu kabla begi halijaondoka machoni mwako: EBB, yaani Entebbe. Ukiona NBO peke yake, begi linaishia Nairobi.

Dhahabu za harusi zisiingie begi la mzigo kwa hali yoyote. Begi likipotea, toa taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini na uondoke na namba ya faili. Kwa safari ya kwenda na kurudi inayoanzia Kenya, Mkataba wa Montreal unaweka kikomo cha fidia ya mzigo kwa kila abiria kuwa SDR 1,519 tangu Desemba 2024, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani. Ni kama dola 2,000. Malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7, ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Kadi haiongezi hata senti.

Mahali ambapo kadi inalipa kweli kwenye safari fupi ni pale safari ya ndege inapofutwa. Watu mia watakimbilia dawati moja. Wewe nenda la kipaumbele, na hapohapo simu iwe sikioni ukipiga laini ya wanachama. Usiulize "mtanisaidiaje?" Sema namba ya ndege unayoitaka, uliyoitafuta mwenyewe kwenye simu, na utaje kwamba mko watatu na mmoja ana WCHS, la sivyo utawekwa mbele peke yako.

Hati ni fupi. Uganda inakubali kitambulisho cha Kenya tangu 2014, lakini tumieni pasipoti, kwa sababu ya yale majina. Cheti cha homa ya manjano kinahitajika. Chanjo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha, kwa hiyo cheti cha zamani cha mama kama kipo bado kinafaa. Kama hajawahi kuchanjwa, kwa umri wake daktari amwone kwanza; chanjo hii kwa waliopita miaka 60 inahitaji tahadhari, na daktari akiona haifai huandika barua ya msamaha.

Kutoka Tudor hesabuni Makupa na malori ya Changamwe, si umbali wa ramani. Kaunta za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla, kwa mwenye dhahabu na asiye nayo.

Na halua: kwa askari wa ukaguzi ile ni jeli, sawa na achari na samli, na jeli zaidi ya mililita 100 haivuki na mkoba wa mkononi. Iweke begi la mzigo, kwenye mfuko wa nailoni mara mbili, katikati ya leso. Betri ya akiba ya simu ifanye kinyume chake: mkononi tu, kamwe si kwenye begi la mzigo. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (kipimo cha nishati ya betri), iko chini ya kikomo cha Wh 100.